Meza Inajiponya, Fundi Je?

Wasee, leo sina klipu. Leo mnasoma.

Wiki tatu zilizopita nilipandisha video ya sekunde arobaini. Wengi wenu mnaikumbuka, kwa sababu imetazamwa kuliko kitu kingine chochote nimewahi kutengeneza. Mkono umeshika brashi ya waya, unakwaruza sehemu nyeusi inayong'aa, halafu maji ya moto yanamwagwa na mikwaruzo inapotea kama haijawahi kuwepo. Sauti yangu inasema: "Hii ni vanishi mpya ya mbao. Iko na vidonge vidogo ndani. Meza yako ikikwaruzwa inajiponya yenyewe. Mafundi wa Kenya, mmelala?"

Ile video ni uongo. Na siwezi kusema ati nilidanganywa. Nilidanganya.

Kile kitu kilichokwaruzwa ni plastiki laini ya kufunika gari isichubuke. Ukiipasha moto inalegea, inatiririka, inarudi venye ilikuwa. Haina kidonge hata kimoja ndani. Si vanishi, na hakuna mbao popote. Nilichukua picha ya kitu kimoja nikaibandikia maelezo ya kitu kingine, juu ya vile maelezo yalikuwa matamu. Vanishi ya vidonge ipo kweli kwenye maabara, lakini haifanyi vile niliwaonyesha.

Halafu kuna ile sentensi ya mwisho. "Mafundi wa Kenya, mmelala?" Hiyo ndiyo inaniuma zaidi, kwa sababu kuna fundi mmoja hakuwa amelala. Aliitazama mpaka mwisho, akairudia, kisha akanipigia.

Ni anko wangu, ndugu ya mathe. Ana kibanda cha samani kando ya Ngong Road, na karo yangu ya mwaka wa kwanza wa chuo ilitoka kwa vitanda na meza alizopuliza laka kwa mkono wake. Mwaka wa pili niliacha chuo, hiyo mnaijua. Hajawahi kunitupia hilo usoni. Siku hiyo alitaka tu kununua hiyo vanishi. Akaniuliza maswali matatu.

"Kijana, inaponya ufa wa ukubwa gani?"

"Inapona mara ngapi?"

"Na nikipiga msasa kati ya koti ya kwanza na ya pili, hivyo vidonge si vitapasuka kabla mteja hata hajaiona meza?"

Sikuwa na jibu hata moja. Watu wengi walikuwa wametazama, mamia wakaandika komenti, na mtu wa kwanza kuuliza swali la maana alikuwa mtu ambaye nilikuwa nimemwita mlalaji.

Kwa hivyo nikafanya kazi niliyostahili kufanya kabla ya kupandisha video. Nimesoma. Kitu kimoja chuo kilinipa kabla niondoke ni uwezo wa kusoma ripoti za watafiti bila kutoa machozi. Haya ndiyo nimepata.

Anza na kitu unachokijua. Ushawahi kuona kitabu cha risiti, karatasi nyeupe juu, ya rangi chini, na hakuna karatasi nyeusi ya kaboni katikati? Unaandika juu, maandishi yanatokea chini. Nyuma ya ile karatasi ya juu kuna vidonge vidogo sana, jina lake la kitaalamu ni maikrokapsuli, na ndani yake kuna rangi iliyofichwa. Kalamu ikibonyeza, vinapasuka, rangi inatoka. Kampuni ya Kimarekani ya NCR ilileta karatasi hiyo sokoni miaka ya 1950. Kwa hivyo hii akili ya kuficha maji ndani ya kidonge na kusubiri kipasuke ni ya zamani, hata babu yako ameshika.

Mwaka 2001, Scott White na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani wakaitumia kwa njia mpya. Walichanganya vidonge vyenye kimiminika ndani ya plastiki ngumu ya epoksi, pamoja na kichocheo. Plastiki ikianza kupasuka, ufa unakata vidonge, kimiminika kinajaa kwenye ufa, kinakutana na kichocheo, kinaganda. Walirudisha hadi asilimia 75 ya uwezo wa plastiki ile kuhimili kupasuka. Hiyo ni kazi kubwa, na sitaki mtu aseme naidharau.

Lakini ile ilikuwa plastiki. Mbao ni habari nyingine. Mbao haijawahi kutulia. Hewa ikiwa na unyevu inavimba, ikikauka inasinyaa. Meza iliyotengenezwa Nairobi ikipelekwa Mombasa, mbao inapanuka. Vanishi iliyo juu yake inavutwa huku na huku, na ikichoka inapata nyufa ndogo ambazo jicho halioni. Maji yanaingia hapo, vanishi inabanduka, mbao inageuka nyeusi. Hapo ndipo vidonge vinaingia: ufa ukianza, ujazwe kabla maji hayajapita. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Misitu cha Nanjing, China, wamekuwa wakijaribu hivi kwa miaka. Wanachanganya maikrokapsuli kwenye rangi za mbao zinazotumia maji badala ya thina, ndani ya vidonge wanaweka epoksi au shelaki, halafu wanapima.

Sasa turudi kwa maswali ya anko.

Ufa wa ukubwa gani? Mwembamba kuliko unywele. Fikiria mwenyewe. Koti tatu za vanishi ya maji zikikauka, unene wake wote ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kidonge lazima kienee humo ndani. Kikiwa kikubwa, kinachomoza juu kama kokoto na meza inakuwa na vipele. Kikiwa kidogo hakibebi kitu: ukipunguza upana wa kidonge kwa nusu, kinachoingia ndani kinabaki moja kwa nane. Kwa hivyo mtoto akichora meza kwa msumari na kung'oa vanishi, vidonge havina la kufanya. Hakuna kidonge kinachorudisha vanishi iliyokwisha ng'oka.

Mara ngapi? Mara moja mahali hapo. Kidonge kikishapasuka ni ganda tupu. Ufa ukirudi palepale, umerudi kwa nyumba isiyo na mtu.

Na msasa? Anko alikuwa sahihi. Msasa unakata vidonge vilivyo juu. Ndio maana watafiti wanajaribu kuviweka kwa koti ya chini pekee, au ya juu pekee, kuona wapi vinasaidia bila kuharibu. Na kadiri unavyoongeza vidonge, ndivyo uso unavyozidi kukwaruza mkononi na mng'ao unavyopungua. Ukitaka ijiponye sana, kubali meza isiyong'aa. Ukitaka ing'ae, punguza vidonge. Hiyo haikuwa kwa video yangu.

Hapo ningemaliza, niseme samahani, tusonge. Lakini Jumamosi iliyopita nilienda kibandani kumpelekea majibu ana kwa ana, na hapo ndipo hii hasira yangu imetoka.

Nilimkuta anapuliza laka kwa kitanda cha mteja. Kompresa inanguruma, ukungu umejaa, macho yangu yakaanza kuwasha nikiwa bado nje. Anko amefunga leso puani. Kijana anayemsaidia amevaa barakoa ya kitambaa, zile za wakati wa korona. Wote wawili wanadhani wamejikinga.

Hawajajikinga. Leso inazuia matone na vumbi kiasi. Mvuke wa thina unapita kwa kitambaa kama vile harufu ya chapati inapita kwa pazia. Kinachouzuia ni barakoa yenye vichujio vya mkaa maalum, na vichujio vyenyewe lazima vibadilishwe. Na katika laka iliyochanganywa na thina tayari kupulizwa, sehemu kubwa ya kile kilicho kwa kopo haikusudiwi kubaki kwa kitanda. Kazi yake ni kuruka hewani, na hewa yenyewe ndiyo anko anavuta. Thina nyingi zina tolueni ndani, na tolueni inagusa ubongo na mishipa ya fahamu. Ndio maana kichwa kinakugonga ukikaa karibu.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeweka kazi ya kupaka rangi katika kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo ushahidi umetosha kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la mbao liko kundi hilohilo. Anko anapiga msasa asubuhi, anapuliza jioni. Amefanya hivyo tangu kabla nizaliwe. Kikohozi chake cha usiku tunakijua sote nyumbani, na sisi hukiita "baridi". Sijui ni nini, mimi si daktari, na ndio maana tumeshaanza mpango wa kumpeleka akapimwe kifua. Lakini nimechoka kukiita baridi.

Sasa kumbuka jina kamili la ile teknolojia niliyoitangaza: vidonge vinavyojiponya ndani ya rangi ya mbao ya MAJI. Mimi nilipiga kelele juu ya vidonge. Neno "maji" nililiruka. Nyinyi pia mliliruka, hakuna komenti hata moja iliyolitaja. Na hilo ndilo neno lingeweza kubadilisha maisha ya mtu kwa kile kibanda leo, bila kungoja maabara yoyote.

Rangi ya mbao ya maji iko madukani, hapahapa Nairobi, na haihitaji vidonge ili ifanye kazi. Badala ya kuyeyushwa kwa thina, chembe za akriliki au poliyurethani zinaelea ndani ya maji. Maji yanakauka, chembe zinashikana, unapata vanishi. Huko Ulaya sheria ya mwaka 2004 iliweka kiwango cha kemikali za kuruka hewani kwenye vanishi: tangu 2010, zile za maji zisipite gramu 130 kwa lita, za thina zisipite gramu 400. Linganisha hizo nambari mbili, halafu fikiria mtu anayevuta moja kati yake kila siku.

Najua mtakuja kwa komenti. Wacheni niwajibu mapema.

"Rangi ya maji ni dhaifu." Zamani ilikuwa kweli zaidi. Za siku hizi ukipaka vizuri zinahimili meza ya kulia chakula. Lakini lazima fundi afundishwe. Maji yanainua nyuzi za mbao, kwa hivyo koti ya kwanza ikikauka unapiga msasa mwembamba kabla ya kuendelea. Ukiipaka kama unavyopaka laka, itakuaibisha.

"Inakauka polepole." Ndiyo, hasa Julai Nairobi ikiwa na baridi na mawingu. Na hapa tatizo ni mimi na wewe. Unaagiza kitanda Jumatatu unakitaka Alhamisi. Unamwambia fundi "fanya haraka, nina wageni". Haraka yako inaitwa thina.

"Ni ghali." Kopo kwa kopo, mara nyingi ndiyo. Lakini hesabu thina unayonunua ili ipotee hewani, uiweke kwa bei ya laka. Halafu hesabu kifua. Hicho hakuna mteja amewahi kuandikiwa kwa risiti.

"Nayo si ina kemikali?" Ina. Maji peke yake hayashiki mbao, na ukipuliza, ukungu wake bado si wa kuvuta. Barakoa nzuri inabaki palepale. Nilichosema ni kwamba hatari inapungua sana, sikusema inaisha.

Na kuna kitu kingine kuhusu vile vidonge vyenyewe, ambacho kinafaa kuwauma wale wanaovitangaza kama niliyokuwa mimi. Ganda la vidonge vingi vya utafiti huu linatengenezwa kwa yurea na fomaldehaidi, au melamini na fomaldehaidi. Fomaldehaidi iliwekwa kundi la kwanza la saratani mwaka 2004. Ikishafungwa kwenye ganda si sawa na ikiwa hewani, lakini kiasi fulani kinaweza kubaki huru na kutoka, na kuna mtu anaichanganya kiwandani. Yaani unatoa sumu ya thina kupitia mlango, halafu unairudisha nyingine kupitia dirisha, ili meza ipone. Pia Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ulipitisha sheria ya kubana chembechembe za plastiki zinazoongezwa makusudi kwenye bidhaa. Ganda la plastiki lisilooza ni swali ambalo kila anayetengeneza vidonge hivi atalazimika kujibu.

Sisemi watafiti waache. Nasema wabadilishe mpangilio wa maswali, waanze na mtu. Na hapa sisi Wakenya si lazima tukae kama watazamaji. Vidonge vya zile karatasi za risiti za mwanzo vilitengenezwa kwa gelatini na gundi ya mgunga, ile inayoitwa gam arabiki. Unajua gundi hiyo inachumwa wapi? Turkana, Samburu, Marsabit, Wajir. Wachungaji wanaikusanya kwa miti na inauzwa ikiwa ghafi. Ganda la aina hiyo lina shida zake, linapenda maji, kwa hivyo ndani ya rangi ya maji litalegea mpaka ulikaze. Gelatini inakazwa na tanini, kama vile ngozi inavyotiwa dawa, na tanini inatoka kwa maganda ya muwati, mti uliopandwa kwa miaka mingi huko bondeni na milimani. Ndani ya kidonge unaweza kuweka mafuta ya mbegu za kitani, ambayo yanaganda yenyewe yakikutana na hewa, bila kichocheo. Itafaulu? Sina maabara, na sitawadanganya mara ya pili. Lakini kama wewe ni mwanafunzi wa kemia na unatafuta mradi wa mwaka wa mwisho, huo hapo, ni wa bure. Usiache chuo kabla hujaujaribu.

Sasa nasema na watu watatu.

Wenzangu wa klipu. Tumefanya sayansi kuwa mazingaombwe. Tunatafuta ile sekunde mtu anasema "woi!", na hatuulizi ufa wa ukubwa gani, mara ngapi, na nani anaumia ikitengenezwa. Anko ameishia darasa la nane na aliuliza maswali bora kuliko sisi sote. Kabla hujapandisha kitu kinachoitwa "cha ajabu", mpigie mtu anayefanya hiyo kazi kwa mikono. Utaokoa aibu.

Wateja. Ukienda kununua kitanda, uliza swali moja jipya: "Mnaweza kupaka ya maji, na nikiwapa wiki moja zaidi?" Basi. Fundi hawezi kubadilika peke yake. Akibadilika peke yake, kesho unaenda kibanda cha jirani kilicho rahisi kwa shilingi mia tano.

Wenye karakana kubwa walioajiri watu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inasema mwajiri ndiye anayetoa vifaa vya kujikinga pale penye hatari. Leso ya mfanyakazi mwenyewe si kifaa cha kujikinga. Serikali nayo ipite kwa vibanda siku moja ikiwa imebeba barakoa na mafunzo, maana tumezoea kuiona ikija kuuliza leseni.

Ile video nimeifuta. Watu wameniambia ni ujinga, ati ingeendelea kuniletea pesa. Labda. Kwa pesa zilizokuwa zimeingia nimenunua barakoa mbili zenye vichujio, moja ya anko na moja ya kijana wake, na kopo moja la vanishi ya maji ya kujaribu. Anko amepaka nayo stuli. Amelalamika kwamba imekawia kukauka, na koti ya kwanza ilitoa manyoya kwa sababu hakupiga msasa mwembamba kama nilivyomwambia. Ya pili imetoka fiti. Amesema ataipaka kwa meza ya mteja anayekubali kungoja.

Amebaki kumpata huyo mteja. Kama ni wewe, andika hapo chini nikupeleke. Na kama ulishea ile video yangu ya uongo, tafadhali shea na hii.